Sikusema Nimeangalia

Saa nne, dakika kumi na moja na sekunde ishirini na tatu asubuhi ya Jumanne, macho ya wanawake saba yaliruka kushoto kwa pamoja. Macho ya mwanamke wa nane yalibaki mezani.

Inspekta Fancy Jepleting alirudisha video nyuma, akaitazama mara ya sita. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Alikuwa ofisini katika ghala la viazi nje kidogo ya Molo, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi. Kamera ya ghala ilikuwa imetundikwa chini sana, karibu na meza ya kuchagua viazi, kwa sababu mwenye ghala alitaka kujua nani anasinzia kazini. Kwa hiyo ilionyesha nyuso vizuri. Haikuonyesha ukuta wa kushoto, na kwenye ukuta huo ndiko ilikokuwa swichi ya mashine ya kuosha viazi.

Sekunde hiyo ndipo mtu aliposhusha mkono wa swichi. Taa nyekundu iliyo juu yake ikawaka. Fundi Achola alikuwa ndani ya pipa la mashine, akibadilisha brashi. Alikufa kabla umeme haujakatwa.

Haikuwa ajali. Achola alikuwa na desturi ambayo kila mtu ghalani aliijua. Kabla ya kuingia ndani ya mashine alivua marvin yake, kofia nyekundu ya sufi, akaitundika juu ya mkono wa swichi. Marvin ikiwa pale, hakuna wa kugusa. Aliyeshusha mkono ule alilazimika kuiondoa kofia kwanza.

Sajini Ogada, aliyefika wa kwanza siku ile, alikuwa amemkamata Makokha, mbebaji wa magunia. Sababu zake zilikuwa nne. Makokha hakuonekana kwenye kamera kwa sekunde arobaini. Alikutwa ameshika marvin ya marehemu. Siku moja kabla walikuwa wamegombana juu ya kikombe cha chai. Ya nne Ogada alikuwa ameipigia mstari: *Mshukiwa hawezi kumwangalia afisa machoni. Macho yanacheza.*

Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, Nakuru, saa kumi jioni. Likifika jinsi lilivyo, Makokha angeshtakiwa kwa mauaji.

"Huyu wa nane ni nani?" Fancy aliuliza.

"Mama Shiko, madam. Wanjugu." Ogada alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Huyo wachana naye. Aliandikisha ati aliangalia kwa swichi, akaona mtu mwingine, si Makokha. Sasa si video ndiyo hiyo? Hakuangalia. Hata taa ikiwaka, yeye ni viazi tu. Mwongo."

"Nipe kitabu chako cha mfukoni."

"Statement iko kwa faili, imepigwa chapa vizuri."

"Nataka kitabu."

Ogada alikitoa. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa haraka: *Wanjugu. Nimeona mtu. Viatu nyeupe. Ametoa kofia na mkono ya kushoto. Ametoka na mlango ya stoo ya mbegu. Uso sijui.* Fancy alikiweka kando ya karatasi iliyopigwa chapa. Pale palikuwa na maneno haya: *Niliangalia upande wa swichi, nikamwona mtu.*

"Hili 'niliangalia' limetoka wapi?"

Ogada aliinama, akasoma. "Si nilikuwa nanyoosha Kiswahili yake tu. Si ni kitu moja? Mtu ataona aje bila kuangalia?"

"Mwite."

Wanjugu alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuwa amechagua viazi kwa miaka ishirini na sita. Aliketi, akaweka mikono yake yenye udongo juu ya magoti, akatazama kitasa cha dirisha. Hakukiacha.

"Mama Shiko, siku ile uliangalia kwa swichi?"

"Hapana."

Ogada aliguna.

"Wewe kijana, usigune," Wanjugu alimwambia bila kugeuza macho. "Sikusema nimeangalia. Nilisema nimeona. Wewe ndiye uliandika mambo yako."

"Uliona vipi?" Fancy aliuliza.

"Madam, ukikimbiza kiazi na macho, kiazi itakushinda. Ziko mingi. Wewe unaweka macho mahali moja katikati ya meza, unawacha hapo. Kibovu ikipita, utaijua. Ikiwa mbele, ikiwa kando, utaijua. Macho ya watu wengi ni mbwa haijafungwa. Paka ikipita, imeenda. Yangu iko na kamba."

"Na ulipoona viatu vyeupe ulijua ni vya nani?"

"Gambuti nyeupe hapa ni za stoo ya mbegu. Lakini uso sikuona. Sitasema nimeona."

Fancy alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda kituoni: Makokha aletwe ghalani chini ya ulinzi, pamoja na marvin katika mfuko wake wa ushahidi. Ya pili ilikwenda Nakuru, kwa Daktari Wamalwa, mtaalamu wa macho.

Kisha alikwenda stoo ya mbegu. Mlangoni palikuwa na trei ya chokaa kavu. Kila aingiaye au atokaye hukanyaga humo, ili ugonjwa wa viazi usiingie. Gambuti nyeupe zilikuwa jozi mbili. Ndogo ilikuwa ya Abby, karani, ambaye tangu Jumatatu alikuwa Olenguruone. Kubwa ilikuwa ya Ndegwa, msimamizi wa mbegu.

Ndegwa alikuwa mtu mpole, shati safi. Alimkazia Fancy macho tangu mlangoni na hakuyaondoa.

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi, Bwana Ndegwa?"

"Hapa ndani, afande. Nahesabu kreti. Nimetoka hapa polisi wakiwa wamefika."

"Ukitoka, unatoka na hizi gambuti?"

"Haiwezekani. Hizi hazitoki. Nikitoka naziacha hapa ndani, navaa viatu zangu. Ni sheria."

"Jumanne hazikutoka?"

"Hazijatoka tangu zinunuliwe. Nitie sahihi?"

"Ndiyo, tafadhali."

Alitia sahihi bila kuangalia karatasi. "Afande, mimi najua mnatafuta nini. Niangalie hapa machoni. Mtu mwenye makosa anaweza kukuangalia hivi?"

Fancy aliandika: *Saa tatu na dakika ishirini. Hakupepesa kwa sekunde kumi na nne.* Aliandika hivyo tu.

Daktari Wamalwa alifika saa nne na nusu na masanduku mawili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanga mezani skrini, kompyuta, na kamera ndogo inayopiga picha ya mboni ya jicho mara mia tano kwa sekunde.

"Jaribio ni hili," alisema. "Unaangalia doa katikati. Ghafla nukta inawaka, kushoto au kulia. Usiiangalie. Angalia upande wa pili. Ikiwaka kushoto, wewe nenda kulia. Mara mia moja na ishirini."

"Hiyo ni ya watoto," Ogada alisema.

"Basi anza wewe."

Ogada aliketi kwa kujiamini. Dakika saba baadaye Wamalwa alisoma: "Makosa sabini na moja."

"Mashine yako ni mbovu."

"Nukta ikiwaka, jicho linataka kwenda. Kazi ya kichwa ni kulizuia. Wengi hukosea mara moja katika tano. Wewe umekosea zaidi ya nusu. Si ubaya. Ndivyo ulivyo. Nikikupima mwakani utapata karibu hivyohivyo. Watu hutofautiana macho kama wanavyotofautiana mwendo."

Fancy alipimwa: makosa ishirini na tatu. Kisha Makokha aliletwa, pingu mikononi. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na minane, na tangu alipoingia macho yake yalikuwa yamekwenda kwa skrini, kwa mlango, kwa bega la Ogada, kwa nzi, na kwa mlango tena.

"Ulichukua marvin wapi?" Fancy alimwuliza.

"Chini, madam. Nilikuwa nje kwa lori. Nimesikia watu wanapiga nduru, nikakimbia, nikaiona imeanguka hapo chini ya swichi. Ni ya Achola. Ningeiacha ikanyagwe?"

"Mbona huniangalii?"

"Najaribu, madam. Ukiniambia niangalie hapa, macho inaenda kule. Hata shule mwalimu alikuwa ananichapa. Anasema, Makokha, unaangalia nani dirishani? Siangalii mtu. Inaenda tu."

Makosa yake yalikuwa sabini na sita. Wamalwa alizielekeza karatasi mbili kwa Fancy, moja kando ya nyingine. Kati ya sajini aliyemkamata mtu kwa sababu ya macho na mtu aliyekamatwa palikuwa na tofauti ya makosa matano. Ogada alizisoma zote mbili. Alikwenda dirishani, akarudi, akaomba funguo, akamfungua Makokha pingu moja ili aweze kunywa chai.

Wanjugu aliketi wa mwisho.

Fancy alisimama nyuma ya Wamalwa, akifuata kwenye kompyuta. Jicho la Wanjugu lilikuwa alama nyekundu katikati ya doa. Nukta iliwaka kushoto, na alama ikaenda kulia. Nukta ikawaka kulia, alama ikaenda kushoto. Haikusita wala haikuanza kwenda kisha ikajirudi, kama ilivyokuwa kwa wengine wote. Mara ya themanini na tisa lori lilipiga honi nje, na alama ikakosea. Baada ya hapo haikukosea tena.

"Moja," Wamalwa alisema. Akafungua mipangilio ya mashine, akaichunguza upya, akapima jicho lake mwenyewe kuthibitisha, kisha akasema, "Mama, naomba turudie."

Mara ya pili makosa yalikuwa sifuri.

Wamalwa alivua miwani. "Nimepima watu mia nne na kumi na wawili," alisema. "Marubani, madereva wa masafa, wanafunzi wangu wenyewe. Sijaona hivi."

"Nimeshinda nini?" Wanjugu aliuliza.

"Bado," Fancy alisema. "Hii imeonyesha kuwa unaweza kuzuia jicho. Haijaonyesha kuwa unaona bila jicho kwenda. Daktari, pembeni mwa jicho mtu anaweza kuona nini?"

"Uso, hapana. Maandishi, hapana. Mwendo, ndiyo. Mwanga na giza, ndiyo. Gambuti nyeupe juu ya sakafu nyeusi, ndiyo, kama akili haijavutwa pengine."

"Na kwa wengine ilivutwa na taa."

"Kabla ya taa ilivutwa na viazi."

Saa sita na dakika kumi walihamia kwenye meza ya kuchagua. Fancy alikagua mwenyewe kwamba nyaya za mashine ya kuosha zimekatwa, na taa imepewa umeme wake peke yake. Viazi vilianza kupita mezani. Nje ya mlango Ogada alichanganya vikaratasi ndani ya kofia yake: gambuti nyeupe au nyeusi, mkono wa kulia au wa kushoto, kutoka kwa mlango wa mbegu au wa malori. Kila mara angechomoa kimoja, na konstebo aliyemleta Makokha angefanya kilichoandikwa: atembee hadi kwenye swichi, aondoe kofia nyingine iliyotundikwa pale kwa jaribio, ashushe mkono, taa iwake, atoke. Mara ishirini na nne. Fancy aliongeza ya ishirini na tano bila kumwambia mtu isipokuwa Ogada.

Walianza na Nekoye, mwanamke wa miaka thelathini ambaye siku ile alikuwa amesimama pembeni mwa Wanjugu. Alivaa miwani ya Wamalwa yenye kamera mbili ndogo, akacheka. "Napendeza? Mama Shiko, huyo Shiko wako akiniona atanipiga picha."

Chagua viazi kama kawaida, aliambiwa, na useme ulichoona kushoto. Kwenye kompyuta alama yake nyekundu ilirukaruka kama panzi. Ilifuata kiazi kibovu hadi mkono ulipokishika, ikarudi, ikafuata kingine. Taa ilipowaka, iliruka juu kwenye taa, kila mara.

"Umeona nini?"

"Taa!"

"Na chini ya taa?"

"Afande, taa si ni ya kuonwa? Basi andika gambuti nyeusi, kulia, malori."

Alipata mambo yote matatu kwa usahihi mara tano kati ya ishirini na nne. Kwa kubahatisha tu angepata tatu. Mara ya ishirini na tano hakuna mtu aliyetembea. Taa iliwaka yenyewe. Nekoye alisema, "Nyeupe, kushoto, mbegu," akaendelea na viazi.

Wanjugu alivaa miwani ileile.

Alama yake ilisimama katikati ya meza. Haikuwa imeganda, ilitetemeka kidogo sana, kama jicho lolote la mtu aliye hai. Mikono yake ilikwenda kushoto na kulia, ikatoa vibovu, vya kijani, vilivyokatwa na jembe, na alama haikuifuata. Konstebo alipita. Taa iliwaka. Alama haikwenda.

"Nyeupe. Kulia. Malori. Uso sijui."

Ogada alichungulia kikaratasi, akakionyesha kwa Fancy. Ilikuwa sahihi.

"Nyeusi. Kushoto. Mbegu. Uso sijui."

Sahihi.

Kufikia mara ya kumi wanawake wengine walikuwa wameacha kuongea. Kufikia mara ya kumi na tano Ogada alikuwa amesahau kurudisha kofia kichwani, ingawa baridi ya Molo ilikuwa ikimpiga upaani. Makokha, mkono mmoja katika pingu, alijaribu kumtazama Wanjugu bila kuyaachia macho yake. Yalimtoka, akayarudisha, yakamtoka tena.

Mara ya ishirini na tano taa iliwaka peke yake.

Mikono ya Wanjugu haikusimama. "Hakuna mtu," alisema. "Mmewasha taa tu."

Viazi viliendelea kupita.

"Huyu mama ni nini?" Ogada aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mtu," Wamalwa alisema. "Kila mmoja wetu ana jicho lake. Hatupimani tu."

Fancy alihesabu. Yote matatu sahihi: ishirini na mbili kati ya ishirini na nne. Makosa mawili, yote ya mkono. Viatu na mlango, hakukosea hata mara moja. Uso, alisema "sijui" kila mtu alipopita. Fancy aliipigia mstari idadi hiyo ya mwisho. Shahidi aliyepewa nafasi ishirini na nne za kusema zaidi ya alichoona hakuitumia hata moja.

Saa nane kasoro dakika tano alivaa glavu, akafungua mfuko wa ushahidi mbele ya Ogada na konstebo. Kwenye orodha, kando ya marvin, paliandikwa: *imechafuka vumbi.* Aliitandaza juu ya karatasi nyeusi, akaimulika kwa tochi kutoka pembeni. Vumbi lilikuwa jeupe, na lilikuwa na umbo: mistari ya zigizaga, nusu ya kisigino, na katikati ya kisigino pengo lenye umbo la V.

"Vumbi ya hapa ni nyekundu," Ogada alisema polepole.

"Ndiyo."

"Hii ni chokaa."

"Maabara itasema. Twende."

Ndegwa aliwapisha mlangoni, macho yake yakiwa machoni mwa Fancy. Fancy hakuyatazama. Aliinua gambuti kubwa ya kulia, akaigeuza. Mistari ya zigizaga. Katikati ya kisigino plastiki ilikuwa imekatwa, kama kwa jembe, kwa umbo la V. Konstebo alipiga picha na rula kando yake.

"Ulitia sahihi kwamba hizi hazijawahi kutoka," Fancy alisema.

"Hazijatoka."

"Basi marvin ya Achola iliingia humu kukanyagwa?"

"Pengine... pengine nilikimbia kusaidia watu. Nikasahau."

"Ulisema ulikuwa hapa hadi polisi walipofika. Polisi walipofika, marvin ilikuwa mkononi mwa Makokha. Kuna shahidi aliyeona gambuti nyeupe kwenye swichi kabla taa haijawaka."

"Shahidi gani? Wote waliangalia taa!" Ndegwa alisema.

Fancy alisubiri Ogada amalize kuandika sentensi hiyo.

"Ulijuaje waliangalia nini, kama ulikuwa humu ndani?"

Fancy alitoa kwenye faili nakala kutoka simu ya Achola, ujumbe wa Jumatatu saa moja jioni kwenda namba ya Ndegwa, na kuusoma kwa sauti: "*Kesho jioni nawaambia watu wa Olenguruone. Hizo unawauzia si mbegu, ni viazi ya kula.*" Ujumbe uliokaa kwenye faili bila kuguswa sasa ulikuwa sababu ya kuua.

Ndegwa alikamatwa saa nane na dakika thelathini na moja. Alimwangalia kila aliyemgusa machoni.

Kabla ya kuondoka, Ogada aliandika upya maelezo ya Wanjugu kwa mkono, mezani pa viazi, neno kwa neno jinsi alivyosema. Alimsomea. Alipofika kwenye *nimeona* alisimama.

"Sawa hapo, mathe?"

"Hapo sawa. Na usininyooshee Kiswahili tena."

Faili lilifika Nakuru saa kumi kasoro dakika nane. Mwendesha mashtaka alilisoma kwa nusu saa, akauliza maswali mawili kuhusu mara ya ishirini na tano, akapiga simu Molo.

Saa kumi na moja na dakika nne Makokha alipewa mkanda wake, simu yake na kamba za viatu. Alitia sahihi, akatoka kwenye ngazi za kituo. Macho yake yalikwenda kwa lori la viazi lililokuwa likipanda barabarani, kwa mbwa, kwa bendera, kwa mwanamke mwenye udongo mikononi aliyekuwa akimngoja ng'ambo ya lango, na kwa uso wa Sajini Ogada. Ogada aliandika saa, na kuhusu macho hakuandika kitu.